Unyayo wa Pia Mtoto

Wifi yangu ni mwoga. Nasema hivyo kwa heshima, na mwenyewe hakatai. Akivuka barabara na watoto huwahesabu upande huu, huwahesabu katikati, na wakifika ng'ambo huwahesabu tena, kisha humshika mkono yule wa mwisho na kumuuliza kama kweli yupo. Ameolewa na kaka yangu, fundi seremala, na kwa miaka mingi sasa anafundisha darasa la watoto wadogo kabisa katika shule ambayo mimi natunza stoo yake. Stoo na darasa lake vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mengi ya humu niliyasikia kwanza, kisha nikayaona.

Katika darasa lile mtoto hafundishwi umbo kwa kutazama picha ukutani. Wifi anasema kona sharti mtoto aiguse, na ikiwezekana imchome kidogo. Ana kamba ndefu iliyofungwa ncha kwa ncha. Watoto huingia ndani yake na kuikaza kwa migongo. Watatu wakisimama imara na wengine wakatoka, pembetatu imepatikana. Akiingia mwingine na kuisukuma, wifi huuliza, "Haya, nani kaleta kona ya nne?" na aliyeileta huvimba kichwa siku nzima. Ana pia mfuko wa kitambaa kizito. Mtoto huingiza mkono bila kuchungulia, akapapasa kipande kilichomo na kusema ni nini.

"Kina kona?"

"Kina."

"Kinabiringika?"

"Hakitaki."

Lakini kitu anachokipenda kuliko vyote ni ubao wa nyayo. Kaka alimchongea vipande vya mbao: michemraba, miche duara mifupi kama mikebe, piramidi, na pia zenye kitako cha duara na ncha moja juu. Wifi alichovya kitako cha kila kipande katika rangi akakigandamiza juu ya ubao mpana, kila kimoja kikaacha unyayo wake. Mchemraba uliacha mraba. Mche duara uliacha duara, ile pia nayo ikaacha duara, jambo lililozua ugomvi darasani, kwamba vitu viwili visivyofanana vinawezaje kuwa na mguu mmoja. "Mbona wewe na dada yako mnavaa kiatu namba moja?" wifi alimjibu aliyelalamika zaidi, na ugomvi ukaisha. Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, kila kipande husimamishwa juu ya unyayo wake. Ubao ukijaa, vipande vyote vimo. Kukiwa na unyayo mtupu, hatoki mtu.

Pia zenyewe zilikuwa tatu: baba, mama na mtoto. Hapo ndipo lilipoingia tatizo. Wifi ana sheria yake kwamba kipande kinachofichika ndani ya ngumi ya mtoto hakiingii darasani. Pia mtoto ilikuwa ndogo kuliko sheria. Kaka aliichonga kwa kipande cha mti mweusi mgumu kilichobaki kwenye kazi ya watu, akaing'arisha, akamletea mkewe kama mtu anayeleta ua.

"Hii itamezwa," wifi alisema alipoiona.

"Nani atameza pia? Ina ncha," kaka alisema. "Basi nirudishie, niitumie kuchokonolea meno."

Hakuirudisha. Watoto waliiona, wakaiita mtoto, wakaibusu, na ikawa haiwezekani tena kuwaambia mtoto kahama. Ila kila jioni alikuwa akiisimamisha yeye mwenyewe kwenye unyayo wake, kwa mkono wake.

Siku ninayoisimulia, somo lilikuwa la kutafuta nyayo nje ya ubao. Kila mtoto alipewa kipande azunguke nacho darasani atafute mahali pengine panapolingana na mguu wake. Mchemraba mmoja ulilingana na kigae cha sakafu. Mche duara ulikaa juu ya mfuniko wa chupa ya maji. Niliwasikia kupitia ukutani wakipiga kelele, "Mwalimu, huku unaingia!" na wifi akijibu, "Na kona zake? Zimeingia zote?" Pia mtoto alipewa msichana mdogo tunayemwita Kijino kwa sababu ya jino lake la mbele lililovunjika nusu. Kijino ni mtoto asiye na maneno mengi. Siku hiyo alikuwa na mafua na kikohozi, na mara kwa mara wifi alikuwa akimfuta pua.

Kengele ikalia. Watoto wakageuza viti vyao juu ya meza, miguu ikatazama dari, wakaanza kuchukuliwa. Bibi yake Kijino alichelewa kidogo, naye akabaki akizungukazunguka katikati ya viti vilivyopinduliwa. Kisha bibi akafika, akamfunga kitambaa shingoni, wakaondoka. Wakati huo wifi alikuwa mlangoni akisemezana na mzazi mwingine kuhusu kiatu kilichopotea, na kwa mara ya kwanza watoto walikuwa wametoka kabla hajaukagua ubao.

Aliporudi kwenye ubao, unyayo mdogo kuliko yote ulikuwa mtupu.

Nilijua kabla hajaniita. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kelele za kusogeza meza, halafu kimya, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, njoo." Nikamkuta amepiga magoti anapapasa chini ya kabati. Tulitafuta kwenye mikeka, kwenye ndoo ya taka, ndani ya mfuko wa kitambaa, kwenye mifuko ya aproni yake. Niligeuza hata sanduku la viatu vilivyosahauliwa. Hakuna.

"Alikuwa nayo nani?" nikauliza.

Alikuwa ameweka vidole viwili kooni mwake mwenyewe, hapa chini, palipo na shimo.

Nyumba ya bibi haiko mbali. Tulikwenda mwendo ambao si kukimbia wala si kutembea, na njiani wifi alirudia jambo moja tu: kwamba kikohozi cha mafua kinasikika hivi, na kikohozi cha kitu kinasikika vile, na kwamba mchana hakukisikiliza vizuri. Tulisikia kile kikohozi kabla ya kupiga hodi.

Bibi alikuwa amempakata mjukuu kwenye kiti cha jikoni. Mtoto alikuwa amechoka, midomo imekauka, na kila akivuta pumzi kitu kilipiga mluzi kifuani.

"Mwalimu kaja kumwona mgonjwa," bibi alisema akitabasamu. Halafu akamtazama wifi usoni na tabasamu likakoma. "Kuna nini?"

Wifi alimwambia wazi, bila kupunguza. Kipande kidogo cha mbao. Kina ncha. Hakionekani.

"Kwa hiyo mmemlisha mjukuu wangu mti," bibi alisema taratibu.

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Alichuchumaa mbele ya Kijino. "Mwanangu, ile pia mtoto umeimeza?"

Kijino akaitikia kwa kichwa.

Bibi alishika kiti. Wifi akauliza tena, "Umeitupa?"

Kijino akaitikia kwa kichwa.

"Umempa bibi?"

Akaitikia tena.

"Huyo ukimuuliza kama yeye ni ng'ombe ataitikia," bibi alisema. "Mwalimu gani wewe hujui hilo? Mbebe twende."

Hospitali ya mtaani kwetu ina daktari mmoja wa zamu, kijana mpole mwenye tabia ya kupasha moto kile chombo cha kusikilizia kifua kwa kiganja kabla ya kumwekea mtoto. Alisikiliza mgongoni, akasikiliza mbele, akarudi mgongoni. Alikaa upande wa kulia muda mrefu kuliko ule wa kushoto. Wifi alikuwa akimtazama daktari usoni, na mimi nilikuwa namtazama wifi.

"Mluzi uko zaidi kulia," daktari alisema. "Yanaweza kuwa mafua yake tu, kifua kimebana. Inaweza kuwa hicho kipande. Kikoje?"

Wifi akamwonyesha kwa vidole. Daktari aliinamisha kichwa.

"Ncha ikitangulia, kitako kinaziba," alisema. "Ningempiga eksirei, lakini mbao haionekani kwenye eksirei. Nitaona kifua, sitaona pia."

"Sasa?" bibi aliuliza.

"Sasa hospitali kubwa. Watampa dawa ya usingizi, waingize mrija wenye taa mpaka ndani ya mapafu watazame kwa macho." Alimgeukia bibi. "Sitaki kuwaficha. Mtoto mwenye kifua kilichobana namna hii, kumlaza kwa ile dawa ni hatari. Ningejua hakipo, nisingethubutu. Lakini kama kipo na nikamwacha, ni hatari zaidi. Nimeshaita gari la wagonjwa."

Bibi alimbana mjukuu wake mpaka mtoto akalalamika.

"Likifika litamchukua," daktari alimwambia wifi. "Wewe rudi ukatafute. Ukikiona nipigie kabla hawajaondoka. Usipokiona, usinipigie kunifariji."

Basi tukarudi darasani. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea na madirisha yale hayana mwanga mwingi. Wifi alimpigia kaka simu na kumwambia aache kazi aje na vifaa vyake. Akavua viatu, akalala kifudifudi sakafuni, akaanza kutambaa. Alisema anataka kuwa na kimo cha Kijino. Alipita kila mahali ambapo duara dogo lingeweza kukaa: tundu la ufunguo, mdomo wa bomba la kunawia, kizibo cha chupa ya gundi, tundu la kunolea penseli. Aliingiza kidole katika kila tundu. Mimi nilikuwa nikimfuata na tochi ya simu, na kila tundu lililokuwa tupu lilikuwa linamrudisha Kijino kwenye ile dawa ya usingizi.

"Nilimwambia atafute mahali inapoingia," wifi alisema akiwa chini ya meza. "Mimi mwenyewe. Nilimwambia, mtafutie unyayo mwingine. Na mdomo nao ni duara, wifi. Mdomo wa mtoto ni duara."

"Nyamaza utafute."

Tulitazama na viti, nakumbuka. Viti vya darasa lile ni vidogo, vya bomba jembamba la chuma, na mwisho wa kila mguu una kofia nyeusi ya mpira. Vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu. Nilimulika tochi juu yake mara moja nikaona kofia nyeusi, nyeusi, nyeusi. Nikapita. Naye alipita.

Simu ikaita. Daktari. Gari limefika, dereva anajaza fomu. Wifi alisema "Ndiyo" akakata. Nilianza kushusha viti kutoka kwenye meza, si kwa sababu ya akili yoyote, ila mikono ilitaka kazi. Wifi alisimama katikati ya chumba, magoti yamejaa vumbi. Kisha akajitupa juu ya kiti kilichokuwa karibu.

Hapo lazima nieleze. Darasani mle kuna kiti ambacho watoto wanakiita mlevi. Kina doa jekundu la rangi mgongoni. Mguu wake mmoja ulipoteza kofia zamani, ukawa mfupi kuliko wenzake, na ukikikalia kinayumba upande huo mpaka ushike meza. Hakuna mtoto wala mwalimu asiyekijua. Nimeomba kofia mpya tangu sikumbuki lini, hazijaletwa. Wifi alikuwa amekaa juu ya mlevi. Nilimwona akijikaza upande mmoja, kama tunavyofanya sote, akisubiri kuyumba.

Hakuyumba.

Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Uso wake ukabadilika polepole.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo sana, "hiki kiti hakilewi."

Aliinuka akakipindua. Kofia nyeusi, nyeusi, nyeusi, nyeusi. Akapitisha kidole gumba. Mpira, mpira, mpira. Kwenye mguu wa nne kidole kilisimama. Alichokigusa kilikuwa laini kwa kung'arishwa, na kigumu. Mti mweusi. Kijino alikuwa amepita katikati ya miguu ile iliyotazama dari, akaona mmoja hauna kofia, akatumbukiza ncha ndani, na kitako kikakaa juu ya bomba sawasawa.

Wifi hakulia wala hakucheka. Alijaribu kuichomoa. Haikutoka. Uzito wake mwenyewe, alipojitupa pale, ulikuwa umeikandamiza ndani.

"Piga simu," aliniambia.

Nilipiga. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria. "Ni nzima? Ncha ipo?"

Niliwasha spika ili wifi asikie.

"Watoto hutafuna vitu," daktari alisema. "Kama aliing'ata ncha ikakatika kabla ya kuiweka hapo, kinachoziba ni ile ncha. Nahitaji kuiona yote. Dereva ana mgonjwa mwingine njiani, hawezi kungoja sana."

Wifi alikuwa ameshabeba kiti.

Tulikutana na kaka getini, anashuka kwenye pikipiki na mkoba wake wa vifaa. Hakukuwa na muda wa kuifanya kazi pale. Wifi alipanda nyuma ya mwenye pikipiki, kaka akabanana nyuma yake, na kiti kikawa kichwani kwa wifi, miguu juu, akikishika kwa mikono miwili. Mimi nilikodi nyingine nikafuata. Nilikuwa nakiona kile kiti kikikata upepo mbele yangu na watu wakigeuka, na mtu mmoja pembeni akasema kwa sauti, "Mama, huko unakokwenda hawana viti?" Siku nyingine ningecheka.

Nje ya hospitali gari la wagonjwa lilikuwa linanguruma, mlango wa nyuma wazi. Kijino alikuwa tayari ndani, amelazwa kwenye mapaja ya bibi, na kitu cha kumpa hewa kimewekwa usoni. Daktari alisimama kwenye ngazi. Alikitazama kile kiti.

"Nilidhani mtaleta kipande," alisema.

"Kimo," kaka alisema, na akapiga goti palepale kwenye lami.

Alikigeuza kiti akakibana kwa magoti. Alichagua skrubu nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaisimamisha katikati ya kile kitako cheusi, akaanza kuzungusha bisibisi. Mti ule ni mgumu. Skrubu ilikuwa ikiingia kidogo, inakwama, anairudisha, anaiingiza tena.

"Usiipasue," wifi alimwambia.

"Nimeichonga mimi."

"Ndiyo maana nakwambia usiipasue."

Dereva akapiga honi. Bibi alisema kutoka ndani ya gari, bila kupandisha sauti, "Kijana, piga hiyo honi tena." Dereva hakupiga tena.

Kaka aliweka bisibisi chini, akashika kichwa cha skrubu kwa koleo, akavuta. Akavuta tena. Kikatoka kidogo. Wifi alikuwa amefumba macho. Alikuwa amenishika mkono, na alama za kucha zake zilibaki kwenye ngozi yangu mpaka kesho yake.

Kikatoka.

Kaka hakukitazama. Alimpa wifi. Naye, badala ya kufumbua macho, aliweka kidole cha shahada juu ya kitako, akakishusha ubavuni polepole, kama anavyowafundisha watoto kwenye ule mfuko, akifuata mbao inavyopungua, inavyopungua, mpaka mwisho. Kidole kilisimama pale mwisho. Akakibonyeza.

"Inachoma," alisema, ndipo akafumbua macho.

Daktari aliichukua akaipeleka kwenye taa ya gari. Aliizungusha. Ncha ilikuwa nzima, kali, haina hata alama ya jino. Aliuliza kama kulikuwa na nyingine ya kimo hicho, na wifi akamjibu kwamba ubao ulikuwa na unyayo mmoja tu mtupu. Akauliza tena, kwa namna nyingine, naye akajibu vilevile. Kisha daktari akapanda garini, akamtoa Kijino mikononi mwa bibi, akasema atambakiza hapa, ampe dawa ya mvuke ya kufungua kifua, na atakaa naye mwenyewe. Gari likaenda kumfuata mgonjwa mwingine.

Haikuwa imekwisha, na hakuna aliyejifanya imekwisha. Tulikaa kwenye benchi ukutani, wifi na bibi bega kwa bega, kile kiti mbele yao. Kila mluzi wa kile kifua uliwafanya wote wawili waache kupumua. Muda mrefu baadaye, mluzi ulipoanza kulegea na mtoto akaomba maji, bibi alinyoosha mguu akakisukuma kiti kidogo kwa kidole.

"Kwa hiyo alikuwa anakitengeneza," alisema.

"Alikuwa anakitengeneza," wifi akakubali.

"Shule nzima imeshindwa, katengeneza yeye." Kisha bibi akamgeukia wifi. "Lakini ukimpa tena kitu cha ukubwa ule, mwalimu, nitakuja na kukaa juu yako wewe."

"Ndiyo, mama."

Kijino alirudi darasani kifua kilipopona. Pia mtoto haikurudi. Kaka alichonga nyingine nene, ambayo hakuna ngumi ya mtoto inayoifumba, na watoto walipouliza mtoto wa zamani yuko wapi, wifi aliwaambia amekua. Wengi waliridhika. Kijino alitazama ile pia mpya, akaenda kutazama mguu wa kiti, akarudi akakaa. Kiti kilipata kofia ya mpira, ambayo kaka aliikata mwenyewe kwenye ndala kuukuu.

Unyayo mdogo umebaki kwenye ubao, kando ya unyayo wa pia mpya, na ndio pekee unaoruhusiwa kuwa mtupu. Wifi hakutaka ufunikwe kwa rangi. Somo la kutafuta nyayo anaendelea nalo, kamba bado inakazwa, na kelele za kona ya nne bado nazisikia kupitia ukutani. Ila sasa mtoto yeyote akikohoa mle ndani, kelele za mwalimu hukatika, na ninajua bila kuchungulia kwamba ameugeukia ubao kwanza, anapitisha macho unyayo kwa unyayo, ndipo amtazame mtoto.